Vibanio vya Nguo na Mawimbi ya Redio

Msomaji, kama ungalipata kutembelea uwanja wa warusha ndege ndogo huko Uingereza au Marekani, Jumapili asubuhi katika miaka ya 1970 au ya 1980, kitu cha kwanza ambacho ungalionyeshwa si ndege. Ungalionyeshwa ubao. Ulikuwa ubao wa kawaida tu, umesimamishwa karibu na mahali pa kuingilia, nao umebanwa vibanio vya nguo, vile vile vitumikavyo nyumbani kwenu kuanikia nguo kambani. Kila kibanio kiliandikwa namba. Mtu aliyetaka kurusha ndege yake alikwenda kwanza ubaoni, akatwaa kibanio chenye namba yake, akakibana juu ya antena ya transmita yake. Kama hakukikuta, alikaa majanini akangoja mwenziwe amalize. Vyama vingine vilipindua desturi hiyo, mtu akaja na kibanio chake mwenyewe na kukibana ubaoni. Lakini maana yake ilikuwa moja. Transmita isiyo na kibanio haikuruhusiwa kuwashwa kabisa, na mwenye kuivunja sheria hii aliweza kufukuzwa uwanjani.

Sababu ya ukali huo yafaa uielewe tangu mwanzo. Ndege ninazozinena si zile za karatasi ambazo wanafunzi hurushiana mwalimu akiwapa kisogo. Ni ndege zilizoundwa kwa mti mwepesi sana uitwao balsa, zikavikwa kitambaa chembamba, zikatiwa injini ya mafuta na vyombo vya redio. Fundi wake aliweza kutumia jioni zote za majira ya baridi juu ya ndege moja. Ikiwa angani, ndege hiyo yenye uzito wa kilo tatu au nne hukimbia kama motokaa katika barabara kuu, wala haina kamba wala rubani. Kinachoishika ni wimbi la redio tu. Sasa fikiri mtu mwingine, ameketi upande wa pili wa uwanja, hana nia mbaya na mtu, ataka tu kujua kama betri yake ina nguvu. Awasha transmita yenye namba ile ile. Papo hapo risiva iliyo ndani ya ndege yasikia mabwana wawili wakisema kwa pamoja, nayo haijui yupi wa kutiiwa. Ndege yapinda, yaelekeza pua chini, yavunjika vipande. Na siku ikiwa mbaya zaidi, yaanguka penye watu. Kosa ni la mmoja na hasara ni ya mwingine, wala katika zile sekunde mbili tatu hapana awezaye kulitengeneza.

Ubao wa vibanio ulikuwa kinga ya watu dhidi ya upungufu wa mitambo yao. Nataka kukusimulia jinsi upungufu huo ulivyoanza, na jinsi ulivyokuja kuondolewa.

Chimbuko lake ni la zamani. Katika miaka ya 1887 na 1888, Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha katika mji wa Karlsruhe ya kuwa mawimbi ya umeme husafiri hewani pasipo waya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo ikielea katika birika kubwa la maji ndani ya jumba la Madison Square Garden. Mashua iligeuka huku na huku, naye Tesla amesimama mbali na kisanduku chake, hapana waya kati yao. Hati ya uvumbuzi huo alipewa tarehe 8 Novemba mwaka ule ule. Na yafaa tumpe sifa nyingine ambayo aghalabu husahauliwa: Tesla alitambua mapema ya kuwa chombo kinachotii wimbi moja tu chaweza kutiishwa na mtu yeyote mwenye wimbi hilo. Mwaka 1903 alipata hati nyingine zilizoeleza namna ya kutumia mawimbi ya masafa mawili au zaidi kwa pamoja, ili chombo kisiitikie wito wa mgeni. Wazo hilo lilikaa muda mrefu kama mbegu iliyoanguka njiani.

Neno hili masafa litarudi mara nyingi, basi tuliweke wazi. Wimbi la redio hutikisika, na hesabu ya mitikisiko yake kwa sekunde moja ndiyo masafa yake. Stesheni mbili za redio hazichanganyiki katika redio yenu ya nyumbani kwa sababu kila moja ina masafa yake, nawe unapozungusha kitufe wachagua usikie ipi.

Miongoni mwa watu wa kwanza kufaulu kurusha ndege ya mfano kwa redio walikuwa mapacha wawili, Walter na William Good, wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani. Ndege yao waliiita Guff, na ilipaa na kutii mwaka 1937. Ilikuwa kubwa, mabawa yake yakizidi mita mbili toka ncha hadi ncha, kwa maana vyombo vya redio vya wakati ule vilikuwa vya valvu za kioo na betri nzito, na ndege ndogo isingaliweza kuvibeba. Leo Guff imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington.

Ustadi wa zama zile ulistahili kuonewa huruma pamoja na kusifiwa. Mitambo iliyoenea zaidi ilijua neno moja tu: kuna wimbi, au hakuna wimbi. Kwa neno hilo moja fundi alipaswa kuongoza ndege. Ndani ya kiwiliwili cha ndege palikuwa na utepe wa mpira uliosokotwa kwa nguvu, ukitaka kujisokotoa, nao umezuiwa na jino dogo la chuma. Kila rubani wa ardhini alipobonyeza kitufe, sumaku ya umeme ilivuta jino lile, utepe ukajizungusha hatua moja, na usukani wa mkia ukalala upande mmoja. Alipoachia, usukani ukarudi katikati. Alipobonyeza tena, usukani ulilala upande wa pili. Kwa hiyo mtu alitakiwa kukumbuka daima alipinda wapi mara ya mwisho. Aliyesahau alitaka kwenda kulia akaiona ndege yake ikienda kushoto, kuelekea mitini. Na utepe ukiisha kujisokotoa wote, basi, safari imekuwa ya ndege na si ya mtu.

Mambo yakaendelea. Katika miaka ya 1950 palitumika vipande vyembamba vya chuma vya urefu mbalimbali, kila kimoja kikitetemeka kwa sauti yake pekee, hata amri zikawa nyingi. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ikachukua mahali pa valvu, na mizigo ikawa myepesi. Kisha katika miaka ya 1960 ukaja utaratibu ambao umedumu hata leo: transmita hupeleka mapigo mafupi ya umeme, yapata 50 kwa sekunde kwa kila kiungo cha ndege, na urefu wa kila pigo ndio amri. Pigo la sehemu moja ya elfu ya sekunde laweza kumaanisha usukani wote kushoto, la sehemu mbili za elfu wote kulia, la moja na nusu katikati. Mota ndogo iitwayo sevo husoma urefu huo na kugeuza usukani kwa kadiri ile ile rubani alivyosogeza kidole chake. Hapo mtu aliweza kurusha ndege ndogo kwa wororo, kama rubani wa kweli.

Lakini tazama: katika maendeleo yote haya, lile jambo la mabwana wawili halikuguswa. Ndani ya transmita mlikuwa na kipande cha kristali ya kwazi, kimekatwa kwa kipimo halisi ili kitikisike kwa masafa yake tu, na ndani ya risiva mlikuwa na mwenziwe. Kristali zile ndizo zilizoamua namba ya kibanio. Serikali ya Marekani iliwatengea warusha ndege sehemu ya mawimbi yenye mitikisiko karibu milioni 72 kwa sekunde. Uingereza walitumia milioni 27, na baadaye milioni 35. Kufikia mwaka 1991 sehemu ile ya Marekani ilikuwa imegawanywa njia 50, zenye namba 11 hadi 60, na kati ya njia moja na nyingine palikuwa na nafasi ya mitikisiko 20,000 tu. Hamsini zaonekana nyingi. Lakini kila mtu alinunua mtambo wenye namba iliyomwangukia dukani, na katika chama cha watu mia moja haikukosa kuwapo wanne au watano wenye namba moja. Na ubao, hata ukilindwa vipi, haukuweza kumzuia mtoto aliyekuwa akichezea mtambo wake katika shamba la jirani, nyuma ya miti, asijue kwamba kuna uwanja pale.

Sasa yatupasa kurudi nyuma, tuuache uwanja wa ndege ndogo na kuingia katika mji wa Hollywood wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Palikuwa na mcheza sinema jina lake Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna mwaka 1914. Kabla ya kukimbilia Marekani alikuwa ameolewa na mtengenezaji silaha tajiri wa Austria. Hedy na rafiki yake, mtunzi wa muziki George Antheil, walishughulika na swali la vita: kombora la majini, yaani topido, laweza kuongozwa kwa redio, lakini adui akiyajua masafa yake ataweza kulivuruga. Jawabu lao lilikuwa kwamba masafa yasikae mahali pamoja. Mpelekaji na mpokeaji wote wawili wahame kwa pamoja kutoka masafa haya hadi mengine, kwa mpango ambao wao tu waujua. Antheil alikuwa amepata kutunga muziki wa piano zichezazo zenyewe kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa; basi wakapendekeza ukanda wa namna hiyo hiyo katika meli na katika topido, na masafa 88, sawasawa na hesabu ya vibao vya piano. Hati yao ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942. Jeshi la majini la Marekani halikuutumia uvumbuzi huo katika vita vile, na hati ikaisha muda wake mwaka 1959 pasipo kuwaletea senti.

Utasikia watu wakisema ya kuwa mwanamke huyu peke yake ndiye aliyevumbua mawasiliano yote ya leo. Hiyo ni chuku. Wazo la kuhamahama masafa lilikuwa limeguswa na wengine kabla yake, na kazi kubwa ya kulitimiza ilifanywa baadaye na wahandisi wengi wa jeshi na wa viwandani. Lakini kumnyima sehemu yake nako ni dhuluma, na ndivyo alivyofanyiwa kwa zaidi ya miaka 50, mpaka mwaka 1997 alipopewa tuzo akiwa mzee. Alifariki mwaka 2000.

Ili uone nguvu ya wazo hili, fikiri nyumba kubwa yenye vyumba 80. Wewe na ndugu yako mmepatana kuzungumza ndani yake kwa namna ya ajabu: silabi moja mnasema katika chumba cha tatu, nyingine katika cha sitini na moja, nyingine katika cha kumi na tisa, nanyi mnazo orodha zilizo sawa. Mtu mwingine akiingia katika chumba kimoja na kupiga kelele, atawaharibieni silabi moja tu, na maneno yataeleweka. Na jozi nyingine 20 za ndugu zaweza kupishana katika vyumba vile vile, kila jozi ikiwa na orodha yake, na mazungumzo yote yakasikika. Kuna njia ya pili ambayo haihami, bali huutandaza ujumbe juu ya upana mkubwa wa mawimbi kwa fumbo la hesabu, hata asiye na ufunguo husikia mvumo mtupu. Njia zote mbili zatoka katika ukoo mmoja.

Kwa muda mrefu njia hizi zilikuwa mali ya majeshi. Mlango ulifunguliwa mwaka 1985, pale mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliporuhusu raia kuzitumia pasipo leseni katika sehemu kadhaa za mawimbi, mojawapo ikiwa ile yenye mitikisiko kama milioni 2,400 kwa sekunde, ambayo wataalamu huiita gigahezi 2.4. Sehemu hiyo haikuwa na heshima. Ilikuwa imeachiwa majiko ya umeme yapikayo kwa mawimbi, na hapana mfanyabiashara aliyeitamani. Leo ndimo yalimo mawimbi ya Wi-Fi na ya Bluetooth, na simu ya mzazi wako iunganishwapo na vifaa vya masikioni kwa Bluetooth huhama masafa hadi mara 1,600 katika sekunde moja.

Warusha ndege walifikiwa na mabadiliko haya mwaka 2005, ulipotolewa mtambo wa Spektrum DX6 kwa ajili ya ndege ndogo nyepesi; mwaka uliofuata ukaja mwingine wa kufaa ndege kubwa, na watengenezaji wengine wakafuata. Mtambo ule wa kwanza ulipowashwa ulisikiliza kwanza njia 80 za sehemu ile, ukachagua mbili zilizokuwa tupu, ukazungumza katika hizo. Tena kila transmita ilipewa namba yake ya pekee tangu kiwandani, na risiva ilifundishwa kuitii namba hiyo tu. Mwenye ndege alichomeka kifungo kidogo katika risiva, taa ikamemeteka, akawasha transmita huku ameshika kitufe, taa ikatulia. Tangu saa hiyo risiva ilikuwa na bwana mmoja. Hata watu 30 wakisimama katika uwanja mmoja na kuwasha transmita zao kwa pamoja, haitageuza sikio kwa mwingine.

Jambo lililowafurahisha wengi, hasa wasio na fedha, ni kwamba haikuwalazimu kutupa kila kitu. Transmita nyingi za zamani zilikuwa na kisanduku mgongoni chenye sehemu ya redio peke yake, nacho hutoka kama betri ya tochi. Mtu alikitoa, akatia kipya cha gigahezi 2.4, akabadilisha na risiva ndani ya ndege. Sevo zilibaki zile zile, kwa kuwa yale mapigo ya sehemu za elfu ya sekunde, ya tangu miaka ya 1960, hayakubadilika hata kidogo. Lugha ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mjumbe wa kuichukua.

Antena nazo zilibadilika, na jambo hili waweza kulipima mwenyewe kwa rula. Mwanga na redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa mitikisiko milioni 72, utapata wimbi lenye urefu wa mita nne na kitu, na antena nzuri ni robo yake, yaani yapata mita moja. Ndiyo maana ndege za zamani ziliburura waya mrefu nyuma ya mkia, na transmita ilikuwa na fimbo ya chuma iliyokunjuka kama mshipi wa mvuvi. Gawanya sasa kwa mitikisiko milioni 2,400: urefu ni sentimita 12 na nusu, na robo yake ni kama sentimita tatu. Kidole chako kimeizidi antena hiyo.

Lakini usidhani ya kuwa mapya hayakuja na taabu zake. Wimbi fupi huzuiliwa kwa urahisi na vitu ambavyo wimbi refu huvizunguka, na ndege zenye kiwiliwili cha nyuzi za kaboni zilikuwa kama sanduku la chuma kwa antena iliyofichwa ndani. Mafundi wakajifunza kuitoa nje, na kuweka antena mbili zilizoelekea pande tofauti, ili ndege ikigeuka namna yoyote mojawapo ione. Tena risiva ya zamani, betri ikilegea kwa kitambo, ilipepesuka ikaendelea. Bali ile mpya ilikuwa na kompyuta ndogo ndani, na zile za kwanza zikikosa nguvu hata kwa kufumba na kufumbua zilijizima na kuanza upya, na kuanza huko kuliweza kuchukua sekunde kadhaa huku ndege ikishuka. Wengi waliozilaumu redio zao walipaswa kuzilaumu betri walizozibakiza ili kupunguza gharama. Na desturi moja ya zamani imebaki kama ilivyokuwa: kabla ya kuruka, mtu hupunguza nguvu ya transmita, hutembea hatua 30 kutoka kwenye ndege, na kutazama kama usukani bado unatii.

Kuna na jambo jingine lililopotea ambalo mafundi hawalihesabu. Ubao ulimlazimu kila mgeni kumfikia mwenyeji, kuuliza jina na namba, kungoja zamu karibu na mtu asiyemjua na kuitazama kazi ya mikono yake. Sasa mtu aweza kufika, kuruka, na kuondoka bila kumsemesha mtu. Mimi sisemi turudi nyuma; mwenye kupoteza kazi ya miezi sita kwa sababu ya kidole cha mwingine hawezi kuukumbuka wakati ule kwa mapenzi.

Hata hivyo bado wako wachache, aghalabu watu wazima, wanaotunza ndege za kale pamoja na mitambo yake ya kale, yenye kristali na fimbo ndefu, na hata zile zenye utepe wa mpira. Mmoja wao afikapo uwanjani, wengine wote wakiwa na mitambo mipya, bado hutafuta kibanio chake na kukibana mahali panapoonekana, asije akatokea wa pili.